Hasara Yake, Faida ya Nani?

Mjadala kuhusu mwanamke na kazi, ukifika katika misikiti na makanisa ya mwambao wa Ziwa Tanganyika upande wa Burundi, huanzia mahali pasipostahili. Huulizwa kama dini inamruhusu mwanamke kutoka nyumbani kwenda kutafuta riziki. Swali hilo lina nafasi yake vitabuni, lakini Rumonge maisha yalikwisha kulijibu zamani. Mji huu, ulio kilomita 70 hivi kusini mwa Bujumbura kwenye barabara iendayo Nyanza-Lac, unaishi kwa samaki na kwa mawese, na vyote viwili hupita mikononi mwa wanawake kabla ya kugeuka pesa. Usiku usio na mbalamwezi wanaume huingia ziwani na taa za kuwavutia ndagala. Kunapokucha vyombo hurudi mwaloni, na hapo kazi ya mwanamume huwa imekwisha, ya mwanamke ndiyo kwanza inaanza. Hununua ndagala wabichi kwa beseni, mara nyingi kwa mkopo wa mwenye chombo. Huwatandaza juani, mchangani au juu ya vichanja vya wavu ambavyo FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, ilivihimiza hapa tangu miaka ya 2000, akawageuza, akawafukuzia ndege na kuku, akawakusanya haraka wingu likitanda. Mvua ikiwakuta kabla hawajakauka, wanaoza. Mwenye chombo hatarudisha pesa kwa sababu ya mvua, wala mume hatalipa deni asilolikopa. Beseni lililooza ni la mwanamke peke yake.

Basi swali linalofaa kuulizwa ni jingine: aliyebeba hasara ana haki gani katika faida? Fikihi ya Kiislamu ina kanuni ya zamani juu ya jambo hili hasa. Imepokewa kwamba mtu alinunua mtumwa, akamtumia kwa muda, kisha akaona ana kasoro na kumrudisha. Muuzaji akadai malipo ya kazi ambayo mtumwa yule alikuwa ameifanya. Mtume akahukumu kwamba pato lile ni la mnunuzi, kwa kuwa siku zote zile yeye ndiye aliyekuwa mdhamini. Mtumwa angekufa, hasara ingekuwa yake. Wanavyuoni waliokuja baadaye hawakuiacha hukumu hiyo katika mlango wa biashara ya watumwa, ambao tunashukuru umefungwa. Waliifanya kanuni ya jumla, wakaiandika katika vitabu vya misingi ya sheria, na Waosmani walipokusanya sheria zao za madai katika Majalla kati ya 1869 na 1876 waliitia humo: faida hufuata dhamana. Kanuni hii haiulizi jinsia ya mtu. Inauliza tu mzigo wa hasara uko mabegani mwa nani, na yule aliyeubeba ndiye inayempa haki.

Tukiishika kanuni hiyo tukatembea nayo kutoka mwaloni hadi mashambani, tutaona jinsi inavyovunjwa. Nyuma ya mji, kwenye uwanda ulio kati ya ziwa na milima, kuna michikichi. Kupanda juu na kuukata mkungu ni kazi ya wanaume. Kuzichambua chikichi, kuzichemsha, kusaidia kwenye mashine ya kukamua, kubeba madumu hadi sokoni, na kwa wengine kuyageuza mawese kuwa sabuni, kwa sehemu kubwa ni kazi ya wanawake. Msimu ukiwa mbaya, mama ndiye atakayetafuta chumvi na ada ya shule kwingine. Hata hivyo siku mwenye shamba akifa, binti aliyechemsha chikichi za baba tangu utotoni huondoka mikono mitupu, na mjane hubaki kwa hisani ya wanawe au ya shemeji zake. Desturi ya Burundi humwachia binti kipande kidogo kiitwacho igiseke, avune akiwa hai, lakini umiliki wake ni wa ndugu zake wa kiume. Na serikali haijatunga sheria ya mirathi ya kuigusa desturi hiyo. Katiba inatangaza usawa wa raia. Burundi iliridhia mkataba wa kimataifa wa kukomesha ubaguzi dhidi ya wanawake mwaka 1992. Wanawake wa vyama mbalimbali walikutana Arusha Julai 2000, Nelson Mandela akiwa mpatanishi, wakadai haki ya kurithi. Muswada wa mirathi ukaandaliwa mwaka 2004. Mwaka 2011 Rais Pierre Nkurunziza akausimamisha mjadala, na hoja iliyosikika zaidi ilikuwa uhaba wa ardhi. Kwa hiyo jambo kubwa kuliko yote katika uchumi wa nchi ya wakulima limeachwa chini ya mamlaka ya desturi.

Hapa dini huitwa kuwa shahidi, na ushahidi wake hupotoshwa. Muislamu wa Rumonge anayepinga usawa wa mirathi husema kwamba Mungu amekwisha kugawa. Ni kweli, amegawa. Lakini aya ya 7 ya Sura ya An-Nisaa inasema waziwazi kwamba wanawake wana fungu katika walichoacha wazazi, kiwe kidogo au kingi, na aya ya 11 inamtajia binti kiwango chake. Nusu ya fungu la kaka yake ni fungu, tena ni faradhi. Ukitumia aya hiyo kumkatalia nusu ya pili, kisha ukatumia desturi kumnyima na ile ya kwanza, hujasimama upande wa Kitabu hata kidogo. Wakristo nao, ambao ndio wengi katika nchi hii, wanayo sura ya 27 ya kitabu cha Hesabu. Mahla, Noa, Hogla, Milka na Tirza, mabinti wa Selofehadi aliyekufa bila mtoto wa kiume, walisimama mbele ya Musa na wazee wote wakauliza kwa nini jina la baba yao lifutike. Hukumu ikatoka kwamba wamesema haki. Na hadithi haiishii hapo, ingawa wahubiri wengi huishia hapo. Katika sura ya 36 wazee wa ukoo wanakuja na pingamizi ambalo mtu yeyote aliyewahi kukaa katika baraza la ardhi Burundi atalitambua mara moja: mabinti hawa wakiolewa kwingine, ardhi yetu itahamia ukoo wa watu. Pingamizi likasikilizwa, tena kwa uzito. Wakawekewa sharti la kuolewa ndani ya kabila la baba yao. Sharti lile lina ugumu wake, lakini tazama kilichobaki salama: fungu lenyewe. Wazee walijibiwa bila mabinti kunyang'anywa.

Pingamizi zito zaidi ni la masurufu, na halifai kupuuzwa kwa maneno mepesi kama wafanyavyo baadhi ya watetezi wa usawa. Mwanamume, husemwa, ndiye anayewajibika kulisha, kuvisha na kuweka paa. Mali ya mwanamke ni yake mwenyewe na hana wajibu wa kutoa hata senti kwa ajili ya nyumba. Kaka akipewa mara mbili, ni kwa sababu atatoa mara mbili. Kama mpango, una mizani ndani yake, na mtu anayeamini kwamba umetoka kwa Mungu hastahili kudharauliwa kwa imani hiyo. Lakini angalia hoja hiyo imejengwa juu ya nini. Ni ile ile kanuni ya dhamana: anayebeba zaidi apate zaidi. Anayeitumia amekubali kwamba haki hufuata mzigo, na hawezi kuikana pale mzigo unapohama. Kwenye mwambao huu umehama mara nyingi. Vita vilivyoanza 1993 viliacha wajane wengi. Kabla ya hapo, machafuko ya 1972 yaliyolipuka Aprili 29 katika Rumonge na Nyanza-Lac, na ukandamizaji uliofuata, yaliwaua wanaume wengi na kuwavusha maelfu hadi Kigoma na Kongo. Mvuvi anaweza kuhamia ng'ambo msimu mzima akaanzisha nyumba nyingine huko. Katika nyumba hizo zote anayelisha, kuvisha na kuweka paa ni mwanamke. Mwenye kusema kwamba fungu kubwa ni la mwenye wajibu mkubwa ana deni la kutueleza kwa nini mwanamke huyo hapati fungu dogo, hata hilo lenyewe.

Tuchukue mfano wa binti ambaye baba na kaka zake waliuawa 1972, akakulia kambini Tanzania, akarudi baada ya 2008 akakuta shamba la michikichi limekaliwa na watu wengine. Tume ya taifa ya ardhi na mali nyingine, iliyoundwa 2006, ilikuwa na kazi ya kupatanisha madai ya namna hiyo, na kazi yake ilizua malalamiko kutoka pande zote, jambo ambalo halishangazi kwa mizozo migumu kama ile. Mbele ya jirani na mbele ya ukoo, hata hivyo, binti yule ana vita viwili. Kwanza athibitishe kwamba shamba lilikuwa la baba yake. Kisha aeleze kwa nini adai yeye na asidai binamu wa kiume wa upande wa ami. Aliyebaki na kumbukumbu ya mipaka, aliyebeba hasara ya nusu karne, ndiye ambaye desturi inamwona mgeni. Hakuna nadharia ya haki, iwe ya msikiti, ya kanisa au ya wanafalsafa wasiosali, inayoweza kuuhalalisha mgao huo.

Pingamizi la uhaba wa ardhi linasikika la kisayansi, na kwa hiyo limewatisha wengi. Burundi ina zaidi ya watu 400 kwa kilomita ya mraba, na familia ya kawaida hulima eneo lisilofika hekta. Mabinti wakirithi, husemwa, vipande vitakuwa vidogo hata jembe lisipate pa kugeukia. Fanya hesabu polepole. Kinachokata ardhi vipande ni idadi ya watoto. Familia yenye wavulana sita na isiyo na binti hata mmoja itakata vipande sita, na desturi haijawahi kulalamika. Tena, kila binti anayetoka na fungu kwao huingia katika nyumba nyingine, na kila kaka anayepunguziwa fungu huoa mwanamke mwenye lake. Jumla ya ardhi ya nyumba haijapungua, isipokuwa sasa ina wenye mali wawili. Ugumu wa kweli ni umbali: fungu la mke likiwa Nyanza-Lac na yeye kaolewa Rumonge, atalilimaje? Ugumu huo una dawa za kawaida ambazo wanaume huzitumia kila siku, kubadilishana, kukodisha, kumuuzia kaka fungu kwa bei ya haki. Na katika ukanda wa michikichi dawa ni nyepesi zaidi, maana mti huzaa mikungu mwaka mzima na mavuno yanaweza kugawanywa kwa zamu au kwa safu bila kuukata udongo. Kama bado kuna shaka, jirani wa kaskazini ni kielelezo. Rwanda ina ardhi finyu kama Burundi, lugha inayosikilizana na Kirundi, na desturi ya mirathi iliyofanana sana na hii. Mwaka 1999, miaka mitano tu baada ya mauaji ya kimbari, ilipitisha sheria iliyowapa watoto wa kike na wa kiume haki sawa ya kurithi. Migogoro haikuisha, na wapo akina kaka wanaoendelea kuwanyima dada zao. Lakini dada anayenyimwa Rwanda ana sheria ya kuishika mkononi aendapo mahakamani. Wa Burundi huenda akitegemea moyo wa hakimu.

Mwanafalsafa Ibn Rushd wa Kordoba, aliyefariki 1198, aliandika katika ufafanuzi wake wa Jamhuri ya Plato kwamba miji ya zama zake ilikuwa maskini kwa sababu mojawapo hii: wanawake walifungiwa katika kuzaa na kulea, vipaji vyao havikutumiwa, wakawa mzigo kwa wanaume. Kadhi mkuu wa Kimaliki kusema hivyo katika karne ya 12 ni jambo la kutia moyo, na watu wa maendeleo wangefanya vizuri kumkumbuka wanapodhani fikra hii imeletwa na miradi. Ila kwa Rumonge maelezo yake hayatoshi. Hapa wanawake hawajafungiwa, wala si mzigo kwa yeyote; wao ndio wachukuzi. Na umaskini upo vilevile. Inabidi tuseme jambo ambalo Ibn Rushd hakulisema: kazi peke yake haitajirishi mji ikiwa anayeifanya hawezi kumiliki matunda yake. Mama wa mwaloni anajua kwamba kichanja kingempunguzia hasara ya mvua, lakini kichanja kinahitaji mtaji, mtaji unahitaji dhamana, na dhamana ni ardhi, ambayo si yake. Benki ya uwekezaji na maendeleo ya wanawake iliyofunguliwa 2022 ni hatua ninayoiunga mkono kwa moyo wote, na vikundi vya kuweka na kukopa vimewasaidia wengi kununua beseni la pili. Lakini mkopo kwa mtu asiyeruhusiwa kumiliki humwongezea hasara ya kubeba na kumwacha mbali na faida kama zamani.

Kuna wanaojibu kwamba wanawake wa Burundi wamekwisha kupewa nafasi, wakitaja Katiba ya 2005 iliyowawekea angalau asilimia 30 ya viti bungeni na serikalini, na ile ya 2018 iliyopanua kiwango hicho hadi kwa mahakimu. Hata waziri mkuu mwanamke nchi ilimpata mapema, Sylvie Kinigi, mwaka 1993. Viti hivyo si vya kubezwa. Lakini mgogoro wa shamba hauanzii bungeni. Huanzia kwa baraza la kilima, ngazi ya chini kabisa ya utawala, ambako sheria haikuweka asilimia yoyote na wajumbe wengi ni wanaume. Mwaka ule ule wa 1993 uliompa Kinigi uwaziri mkuu ndio uliotoa sheria ya familia inayomtaja mume kuwa mkuu wa nyumba. Na serikali ilipoamuru mwaka 2017 kwamba wanaoishi pamoja bila ndoa rasmi wajiandikishe kabla ya mwaka kwisha, nia ilikuwa kulinda familia. Ila kwa mke wa pili aliyefungishwa ndoa msikitini tu, ambaye sheria ya nchi haimtambui kabisa, amri ile haikuwa na mlango wa kumpitisha. Ameishi na mume miaka, amechemsha chikichi zake, na kwa karatasi si mke wa mtu. Viongozi wa dini waliofungisha ndoa hizo wana wajibu kwake ambao hawawezi kuurudishia serikali. Waliposimama mashahidi wa ndoa, walikuwa mashahidi wa kazi yake pia.

Wajibu huo unaweza kuanza kutekelezwa bila kusubiri muswada. Sheria ya Kiislamu humruhusu mzazi kutoa hiba akiwa hai, na hiba haimo katika hesabu ya mirathi. Bashir, sahaba wa Madina, alimjia Mtume amshuhudie akimpa zawadi mwanawe mmoja, Nu'man. Akaulizwa kama watoto wote amewapa vivyo hivyo. Aliposema hapana, Mtume alikataa kuwa shahidi. Kutokana na hapo Mashafii, ambao madhehebu yao ndiyo ya Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, pamoja na wengine wengi, wakasema katika hiba mtoto wa kike na wa kiume wapewe sawasawa, ingawa Imam Ahmad bin Hanbal aliona ufuatwe mgao wa mirathi. Hii ni njia pana, imo ndani ya fikihi yenyewe, na Mkristo naye hazuiwi na lolote kuipita. Wapo watakaosema ni ujanja wa kukwepa mirathi. Ingekuwa hivyo kama lengo lingekuwa kumdhulumu mrithi, na wanavyuoni wamelikataza hilo. Kumpa binti ambaye desturi itamnyima kila kitu siku ya msiba ni kuizuia dhuluma isitokee. Ila kuna sharti moja ambalo akina baba wengi hulisahau. Kwa Mashafii hiba haitimii mpaka aliyepewa akabidhiwe. Ahadi ya mdomo, hata wosia ulioandikwa vizuri, ami ataupangua siku ya arobaini. Baba anayeona ugumu kuukata udongo aanze na safu za michikichi: azitaje mbele ya imamu au padri na wajumbe wa kilima, aandikishe katika ofisi ya ardhi ya tarafa pale ilipo, kisha mikungu ya msimu huu huu ikatwe kwa amri ya binti na mawese yauzwe kwa jina lake, baba akiwa hai na ami zake wakiona.